Siku ya Tatu Mpe Jembe: Historia Fupi ya Tiba kwa Kazi



Kurasa nyingine za kitabu hiki zaeleza hesabu za mwaka: michango iliyoingia, karo iliyolipwa, wafiwa waliosaidiwa, na wagonjwa waliogharimiwa hospitalini. Makala haya yahusu jambo lisiloingia upesi katika hesabu. Chama chatoa fedha ili mtu atibiwe; mtu yule akitoka hospitalini twamshukuru Mungu, naye mwandishi wa Chama huandika katika daftari kwamba shauri limekwisha. Lakini kwa aliyekatwa mguu, au aliyepooza upande mmoja, au aliyepatwa na maradhi ya akili, hapo ndipo shauri linapoanza. Atalima kwa mkono upi? Atateka maji vipi? Nani atamwita katika mashauri ya nyumba? Asiyepata jibu la maswali hayo huketi barazani mwaka baada ya mwaka, akalishwa na kuvishwa, wala haulizwi neno.

Iko tiba iliyobuniwa kwa ajili ya shida hiyo. Huitwa tiba kwa kazi, na hapa kwetu hufundishwa katika chuo cha serikali cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Maana yake si kumtafutia mgonjwa ajira, kama wengi wadhanivyo. Ni kumponya mtu kwa kumrudishia shughuli zote zilizokuwa zake kabla ya ugonjwa: kuoga, kuvaa, kupika, kulima, kuchunga, kusali, na kupokea wageni. Historia ya tiba hiyo yatufundisha jambo moja. Kila ilipofuata kazi za kweli za maisha ya mgonjwa, ilimfaa; kila ilipoziacha, ikawa mchezo wa kupitisha saa. Twaieleza hapa ili wanachama wajue la kuuliza na la kutenda.

I. MWANZO WAKE

Katika karne ya 18 watu wengi wenye maradhi ya akili huko Ulaya walifungwa minyororo katika majumba yaliyofanana na magereza. Mwaka 1790 mwanamke mmoja aliyeitwa Hannah Mills alifariki katika nyumba ya namna hiyo mjini York, Uingereza, wiki chache tu baada ya kuingizwa humo. Ndugu zake katika dini walikuwa wamekatazwa kumwona. Yeye alikuwa wa Jumuiya ya Marafiki, imani ile ile ambayo wamisionari wake kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902, na ambayo ina wafuasi wengi katika nchi yetu hata leo.

Mmoja wa Marafiki wa York, William Tuke, aliyekuwa mfanyabiashara wa chai na kahawa, alihuzunishwa sana na kifo hicho. Aliwasihi wenzake wachange fedha, na mwaka 1796 wakafungua nyumba yao wenyewe, wakaiita Kimbilio. Humo minyororo iliwekwa kando. Wagonjwa walilima bustani, walishona nguo, walilisha kuku na sungura, na walikaribishwa kunywa chai pamoja na wenyeji wao kama watu wengine. Ikaonekana kwamba mtu aliyepewa jambo la kufanya, akaaminiwa kwamba ataweza, alitulia kuliko aliyefungwa. Wanachama waangalie vema kwamba Tuke hakuwa daktari. Alikuwa mfanyabiashara, nao waliomsaidia walichanga kama sisi tuchangavyo.

Jina la tiba kwa kazi lilikuja baadaye, huko Marekani. George Barton alikuwa msanifu wa majengo. Aliugua kifua kikuu, akakatwa sehemu ya mguu wa kushoto, kisha upande wake wa kushoto ukapooza. Madaktari walikuwa wamefanya yao, lakini yeye hakujua tena maisha yake yana kazi gani. Mwaka 1914 alinunua nyumba katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, akaanza kujitibu kwa randa na nyundo na kwa kulima bustani, akichagua kila kazi kwa sababu ya kiungo alichotaka kukitia nguvu. Kisha akawaita wagonjwa wengine wafanye vivyo hivyo. Mwezi wa Machi mwaka 1917 watu sita walikutana katika nyumba hiyo wakaunda chama cha kuieneza tiba hiyo, na Barton akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Basi tiba hii ilianzishwa na mgonjwa aliyekuwa akitafuta njia ya kurudi katika maisha yake mwenyewe.

II. MAJERUHI WA VITA KUU

Vita Kuu ya mwaka 1914 hadi 1918 iliwaacha vijana maelfu kwa maelfu bila miguu au mikono, na wengine viungo vyao vimekakamaa. Huko Uingereza aliyesimamia matibabu ya mifupa katika jeshi alikuwa Robert Jones, daktari mpasuaji wa Liverpool. Katika hospitali ya kijeshi ya Shepherd's Bush, jijini London, ziliwekwa karakana ndani ya hospitali yenyewe, na Manuel II, mfalme wa Ureno aliyeondolewa katika kiti chake mwaka 1910, alijitolea kuzisaidia.

Sababu yake ilikuwa wazi. Askari aliyeambiwa auzungushe mkono wake kwenye mashine mara mia alichoka upesi, tena akachukia, kwa kuwa hakuona matunda ya jasho lake. Bali yule aliyepewa randa na ubao, bega lake lilikwenda mbele na nyuma bila yeye kulifikiri, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye ubao. Mwenye kifundo kilichokakamaa alikanyaga mtambo wa kukanyagwa kwa mguu, na kile kifundo kikalegea. Na kazi zile hazikuwa za kubuniwa. Karakana zilitengeneza vifaa ambavyo hospitali ilivihitaji kila siku, kama vile mabanzi ya kufungia mifupa iliyovunjika. Majeruhi mmoja alikuwa akimtengenezea majeruhi mwenzake.

III. WAKATI WA VIKAPU

Baada ya vita tiba hiyo ilienea, na baada ya kuenea ikaanza kupoteza njia. Hospitali nyingi ziliweka chumba kimoja chenye vifaa vya ufumaji na usukaji, na kila mgonjwa, awe nani, alipewa kikapu asuke. Kikapu kikawa desturi, na watu wakaacha kuuliza sababu yake.

Kusuka si jambo baya. Kwa mama wa Ukambani kiondo ni mali na ni heshima. Mkono wake ukipata udhaifu, hakuna dawa inayomfaa kuliko kumrudishia kiondo chake. Lakini mpe kiondo dereva wa lori aliyezoea usukani, na mara moja atafahamu kwamba anachezeshwa kama mtoto. Kazi ni ile ile, na vidole vyasogea vile vile. Lakini mmoja anarudi kwake, na mwingine anapitisha saa mpaka wakati wa chakula. Hapo ndipo tofauti yote ilipo. Kazi ya tiba haipimwi kwa uzuri wa kitu kilichotengenezwa, bali kwa swali hili: je, mtu huyu akifika kwake ataifanya kazi hii, au nyingine iliyo ndugu yake?

Wengine waliliona kosa hilo mapema. Mwaka 1945, jijini New York, daktari George Deaver na msaidizi wake walichapisha orodha ya matendo ambayo mtu huyahitaji kila siku: kuondoka kitandani, kuvaa, kuoga, kula, kwenda chooni, kupanda ngazi, kuingia garini. Mgonjwa akapimwa kwa matendo hayo, moja moja, wala si kwa nguvu ya msuli peke yake. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na orodha za namna hiyo hutumika ulimwenguni pote hadi leo. Lakini orodha ile iliandikwa kwa ajili ya watu wa New York. Kitanda chake ni cha miguu mirefu, choo chake ni cha kuketi, na chakula chake huliwa kwa uma na kisu. Tutalirudia jambo hili tutakapofika kwetu.

IV. MIKONO YA VELLORE

Daktari Paul Brand alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya kusini mwa India, mwana wa wamisionari wa Kiingereza. Kabla ya kusomea udaktari alijifunza useremala na uashi. Mwaka 1946 alirudi India kufundisha upasuaji katika hospitali ya Kikristo ya Vellore, na baada ya muda mfupi aliona wagonjwa wa ukoma ambao vidole vyao vilikuwa vimejikunja kama kucha za ndege. Wengi waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe, wala hakuna haja ya kuipasua. Brand alijaribu. Alihamisha kano zenye nguvu kutoka mahali pengine mkononi, akazifunga kwenye vidole vilivyopooza, na vidole vikafunguka.

Kisha ikatokea ajabu. Baadhi ya wagonjwa walirudi wakilalamika. Zamani waliomba barabarani, na watu waliwapa sadaka kwa kuona mikono iliyokunjika. Sasa mikono imenyooka na sadaka imekwisha, wala hawana kazi nyingine waijuayo, wala hakuna atakayempangisha chumba au kumwajiri mtu mwenye alama za ukoma. Daktari amewapa mikono mizuri na kuwaondolea chakula. Neno hilo lilimchoma Brand. Aliona kwamba kuponya mkono bila kumwandalia mwenyewe maisha ya kuutumia ni nusu ya kazi.

Mwaka 1951, kwa msaada wa fedha za mama mmoja mmisionari, kijiji kidogo kilijengwa kando ya hospitali, nyumba za udongo zilizoezekwa kwa majani, kikaitwa Makao ya Maisha Mapya. Brand hakujenga jumba la kifahari, maana alitaka wagonjwa waishi humo kama watakavyoishi kwao. Walijifunza useremala, na Brand mwenyewe, fundi wa zamani, akawafundisha kutengeneza vitu vya mbao vya kuchezea watoto na kuviuza.

Ni katika kuishi na kufanya kazi pamoja nao ndipo siri kubwa ilipofunuliwa. Siku moja kufuli yenye kutu ilikataa kufunguka. Kijana mmoja aliukamata ufunguo akauzungusha, kufuli ikafunguka. Lakini damu ilikuwa ikitiririka, na nyama ya kidole chake imekatika hata mfupa ukaonekana, naye hakusikia lolote. Brand akaanza kufuatilia kila jeraha. Akaona kwamba vidole havikuwa vinaoza kwa ukoma. Viliharibiwa na mpini usio laini, na sufuria ya moto, na msumari, kwa kuwa mwenyewe hana maumivu ya kumwonya. Usiku wengine walipoteza sehemu za vidole, na walipokesha kuangalia wakagundua kwamba panya walikuja wakawatafuna wakiwa usingizini. Dawa yake ilikuwa paka. Kila aliyerudi kwao alihimizwa awe na paka.

Basi tiba ya Vellore ikawa ya namna hii: mipini ya vifaa ilibadilishwa ili isichubue, vyombo vya moto vikashikwa kwa kinga, kila mtu alijifunza kuitazama mikono yake jioni kama mkulima atazamavyo jembe lake, na kila nyumba ikafuga paka. Hakuna kitabu cha upasuaji kilichotaja paka. Jambo hilo lilijulikana kwa sababu madaktari waliangalia jinsi mgonjwa anavyolala na kupika. Elimu hiyo ilifika Afrika pia. Mwaka 1965 kilifunguliwa Addis Ababa kituo cha ALERT, kwa ajili ya kutibu na kurekebisha wenye ukoma na kuwafundisha watumishi wa tiba kutoka nchi nyingi za bara letu.

V. VIJIJI VYA ARO

Mfano wa pili watoka kwa Mwafrika mwenzetu. Thomas Adeoye Lambo alizaliwa mwaka 1923 katika mji wa Abeokuta, Nigeria, akasomea udaktari Birmingham, na maradhi ya akili jijini London. Mwaka 1954 alirudi kwao kusimamia hospitali mpya ya maradhi ya akili ya Aro, nje kidogo ya Abeokuta. Majengo yalikuwa hayajakamilika. Badala ya kungoja, Lambo alikwenda kwa wazee wa vijiji vilivyoizunguka hospitali, akawaomba wawapokee wagonjwa majumbani mwao.

Masharti yalikuwa haya. Kila mgonjwa alikuja na ndugu mmoja angalau, mama au dada au kaka, wa kumpikia na kumwangalia. Wenyeji walilipwa kodi ya vyumba, na hospitali iliwapa mikopo ya kupanua nyumba zao. Tena hospitali iliwaletea maji safi, ikachimba vyoo na kupambana na mbu, hata vijiji vikanufaika kwa wageni wao. Mchana mgonjwa alikwenda hospitalini kupata dawa na ushauri. Saa nyingine alikuwa shambani, au sokoni, au katika ngoma na ibada pamoja na wenyeji. Lambo aliwashirikisha hata waganga wa jadi, kwa kuwa wao walijua mila za watu na maneno ambayo watu hutumia kueleza huzuni zao.

Faida yake si vigumu kuiona. Mgonjwa aliyefungiwa ndani ya ukuta akapona, amepona kwa maisha ya ndani ya ukuta. Amezoea kengele, na foleni ya chakula, na kuamriwa kulala. Akirudi kijijini hukuta jamii iliyomzoea kama kichaa, na mashamba aliyokwisha kuyasahau. Yule wa Aro hakuachishwa maisha hata siku moja. Na ndugu aliyefuatana naye alijifunza ugonjwa ule ulivyo, akarudi nyumbani akiwa shahidi kwamba ndugu yake anaweza kushika jembe. Wataalamu walitoka mabara mengine kwenda kutazama, na Lambo mwenyewe baadaye alipanda cheo hata akawa naibu wa mkurugenzi mkuu wa Shirika la Afya Duniani. Jirani zetu wa Tanzania nao, baada ya Uhuru, walianzisha vijiji vya kilimo kwa ajili ya wagonjwa wa akili. Hombolo, karibu na Dodoma, ni kimojawapo.

VI. MAONYO MAWILI

Twalazimika kueleza maonyo mawili, ili sifa za kazi zisitupofushe.

La kwanza lilitolewa mwaka 1961 na Mary Reilly, bingwa wa tiba hiyo huko Marekani, katika hotuba kwa wenzake. Alitukuza uwezo wa mtu kuiathiri afya yake kwa kazi ya mikono yake, ikiongozwa na akili na nia. Lakini aliwauliza wenzake kwa ukali kama bado wanaitumikia haja hiyo kubwa ya binadamu, ama wamebaki na vitu vidogo vidogo tu. Swali hilo lafaa kuulizwa kila kizazi.

La pili ni dhuluma. Katika nchi nyingi hospitali za akili ziligundua kwamba mgonjwa ni mfanyakazi wa bure. Alifua, alipika, alilima mashamba ya hospitali miaka mingi, na hayo yote yakaitwa tiba. Alipopata nafuu hakuruhusiwa kwenda, maana nani atafua? Huko Marekani mwaka 1973 mahakama iliamua kwamba wagonjwa wafanyao kazi za hospitali walindwe na sheria ya mshahara kama wafanyakazi wengine. Haki ikapatikana, lakini hospitali nyingi, zisitake kulipa, ziliondoa kazi kabisa, na wagonjwa wakaketi bure. Basi tujihadhari pande zote mbili. Kumnyima mtu kazi ni kumdhulumu, na kumtumikisha bila ujira ni kumdhulumu vile vile. Kipimo ni hiki: faida ya kazi yaenda kwa nani, na je, kazi hiyo yamwelekeza mtu kwao au yamfunga pale alipo?

VII. NCHINI KWETU

Hospitali ya Mathari, Nairobi, ilianzishwa mwaka 1910, ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Kwa muda mrefu mgonjwa wa Pwani au wa Nyanza aliyepelekwa huko alikuwa mbali na lugha yake, na chakula chake, na watu wake. Mwaka 1958 kiliundwa chama cha kuwasaidia watu wenye ulemavu wa viungo, kijulikanacho kwa herufi APDK, wakati ugonjwa wa kupooza wa polio ulipokuwa ukiwaangusha watoto wengi. Mwaka 1969 chama hicho kilianzisha karakana za Bombolulu, karibu na Mombasa, ambako watu wenye ulemavu walitengeneza vito, mikoba ya ngozi, nguo na vinyago vya kuuza, wakapata riziki yao kwa mikono yao. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuwasajili na kuwapa leseni matabibu wa tiba kwa kazi. Hivyo taaluma hiyo ina msingi wa sheria.

Hata hivyo hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 2.2 ya Wakenya wenye umri wa miaka 5 na zaidi, yaani zaidi ya watu laki tisa, wana ulemavu. Vijijini ni asilimia 2.6, na mijini 1.4. Maana yake ni kwamba wengi wa wenzetu hawa wanaishi mahali penye jembe, si mahali penye ofisi. Tiba yao ipimwe kwa maisha hayo.

Hapa turudi kwenye orodha ya New York, na tuiandike upya kwa ajili yetu. Je, mama huyu aliyepooza mkono aweza kusonga ugali, sufuria ikitikisika juu ya mafiga bila mkono wa pili wa kuizuia? Tabibu mwenye busara atamtafutia kizuizi cha mbao cha kuishika sufuria, au atainua jiko lifikie mahali atakapoketi. Je, aweza kufunga leso, kumbeba mtoto mgongoni, kutwika ndoo? Je, mzee huyu mwenye mguu wa bandia aweza kuchutama katika choo cha shimo, au atengenezewe kiti chenye tundu? Je, aweza kupanda matatu kondakta akimhimiza, kuvuka matope wakati wa masika, kukamua ng'ombe, kuchuma chai kwenye mteremko?

Yako na mambo ambayo mgeni hawezi kuyajua asipoambiwa. Kwetu mkono wa kulia ndio wa kula na wa kusalimia. Mtu aliyepooza upande wa kulia, akifundishwa hospitalini kulia kwa mkono wa kushoto, amefundishwa vema kwa hesabu ya misuli. Lakini akifika kwao hukataa kula mbele ya watu, hujitenga, na mwisho hudhoofika. Yafaa tabibu alijue hilo, ampe kijiko, azungumze na jamaa zake. Vivyo hivyo Mwislamu anahitaji kufundishwa jinsi ya kutia udhu kwa mkono mmoja na jinsi ya kusali ameketi, na dini yake yamruhusu. Mambo haya hayamo katika orodha za kigeni, wala daktari hana kosa kwa kutoyajua. Wenye kuyajua ni wazee na akina mama wa nyumba ile. Tusipoyasema sisi, hakuna atakayeyasema.

VIII. WAJIBU WA CHAMA

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulitumia neno hilo kumkaripia mgeni mvivu, lakini lina upande wa pili. Aliyepewa jembe si mgeni tena. Amekuwa mtu wa nyumba. Mgonjwa aliyerudi kwao akakaa miaka mitano bila kupewa jembe, hata liwe jembe dogo kwa kadiri ya nguvu zake, amefanywa mgeni nyumbani kwa baba yake. Nasi mara nyingi twafanya hivyo kwa huruma. Twamwambia, Keti, ndugu yetu, usijisumbue. Maneno ni matamu, lakini yamwondoa katika hesabu ya watu.

Kwa hiyo twawaomba wanachama wayapokee mambo manne.

Kwanza, mwanachama akiwa karibu kutoka hospitalini, wale wanaokwenda kumtazama wasipeleke matunda tu. Wamwone tabibu wa tiba kwa kazi, wamweleze nyumba ya mgonjwa ilivyo: mto uko umbali gani, kuna ngazi au mteremko, analala wapi, nani anapika, na yeye alikuwa akifanya kazi gani. Maelezo ya nusu saa yaweza kuubadili mpango wote wa matibabu.

Pili, ndugu mmoja wa nyumba ile akaonyeshwe mazoezi na mgonjwa angali hospitalini, kama ilivyokuwa Aro. Nauli ya ndugu huyo ihesabiwe kuwa sehemu ya gharama za matibabu, si anasa.

Tatu, fedha za msaada zisiishie kwenye bili. Mpini uliorefushwa, kiti cha choo, reli ya mbao ukutani, jiko lililoinuliwa: vitu hivi hutengenezwa na fundi wa mtaa kwa bei ndogo, na hufaa miaka mingi. Fundi aitwe, mgonjwa mwenyewe aulizwe, na kipimo kichukuliwe kwa mwili wake.

Nne, mwanachama mwenye ulemavu asiachwe katika orodha ya wapokeaji peke yake. Apewe kazi ya Chama inayomwelekea: kutunza daftari, kupokea michango, kuwaamua wanaogombana, kuwafundisha vijana ufundi. Na kazi yenye malipo kwa wengine, iwe na malipo kwake pia.

Mfanyabiashara wa chai wa York hakungoja serikali, wala wazee wa vijiji vya Aro hawakungoja majengo yaishe. Walifungua milango waliyokuwa nayo. Sisi nasi tunayo milango, na katika nyumba nyingi za wanachama yuko mtu aketiye barazani akitazama wengine wakienda shambani. Kabla ya mkutano wa mwaka ujao, kila mwanachama mwenye mtu kama huyo katika nyumba au ujirani wake na amwendee, amuulize kazi ipi ya zamani aitamaniyo zaidi, kisha alete jibu lake mbele ya Kamati.